Plexi ku Gari ya Papa

Kabondo, Kisangani, tarehe 3 Julai 2024

Yaya Stéphanie, dada yangu mukubwa,

Jambo sana. Mwili iko aje, na mashamba? Huku tuko. Papa anakula vizuri, ila jicho ya kuume imekufa, na ya kushoto inaona kidogo tu. Daktari atamupasua tarehe 2 Septemba. Amekubali, lakini kwanza anataka kuona kaburi ya mama huko kwako, anaogopa kisu itamaliza na hii kidogo iliyobaki.

Ile Land Cruiser ya zamani ya kumuleta, niko naitengeneza hapa garage, karibu namaliza. Nimemutengenezea kitanda nyuma, kando ya dirisha, sababu mugongo yake haiwezi kukaa. Lakini vioo, yaya! Nakata, inapasuka. Naweka, mutu anapiga mulango, inapasuka. Leo imepasuka ya tatu. Nimechoka kabisa. Bon, nitaweka plexi, ile plastiki yenye kuonekana sawa kioo. Hata uitupie jiwe, haivunjiki.

Mudogo wako, Yannick

PK 92 (kilometa 92), njia ya Lubutu, tarehe 21 Julai

Mudogo yangu,

Salamu. Sisi wazima, ila malaria ilinilaza siku ine. Weka plexi, weka hata majani ya ndizi, lakini leta papa! Kaburi nimeilima mara mbili, nyasi inaota tena. Huku réseau ya simu hakuna, kila siku niko barabarani nauliza bashofere habari yenu. Unachezea jicho ya mutu, Yannick.

Yaya wako

Kabondo, tarehe 12 Agosti

Yaya,

Pole na malaria. Usinitukane, niko najitukana mwenyewe. Plexi ilikaa muzuri sana. Kisha nikapangusa gundi na essence, ile petroli ya gari, vile tunapangusaka vioo vyote hapa garage. Yaya, ikageuka nyeupe kama maji ya muhogo! Nikasugua, ikazidi. Plexi ingine haiko mujini.

Siku zimeisha, basi kesho Moussa shofere anamuleta, na hii barua. Papa aliniuliza kama madirisha iko safi. Mafundi wote walikuwa wanasikiliza. Nikajibu: mupya, papa, utaona pori yote. Haya ilinishika. Muambie wewe ukweli.

Yannick

PK 92, tarehe 19 Agosti

Yannick,

Salamu yangu leo ni fupi, niko na hasira, na Moussa anarudi na gari sasa hivi. Papa alifika. Moussa anasema njia yote papa alitazama dirisha. Akashuka amefunga kitambaa ku macho. "Jicho imeisha," akasema. "Sioni hata muti moja."

Nimemueleza plexi, nimemushikisha na mukono wake. Anasema: "Stéphanie, unanituliza tu. Yannick aliniambia iko mupya, na Yannick hajanidanganya hata siku moja." Kaburi ya mama aliipapasa na vidole, kitambaa hataki kutoa. Kwa daktari hataki tena, eti apasue nini? Mimi hanisikii. Wewe ndiye anasikia.

Yaya wako

Kabondo, tarehe 24 Agosti

Papa yangu,

Jambo, papa. Yaya anakusomea hii. Nilikudanganya. Plexi niliiharibu mimi, na essence, na mukono yangu. Nilipata haya mbele ya mafundi, nikaona afazali wewe usione kuliko wao wanicheke.

Nimetoa dirisha zote. Moussa anakuja kukuchukua na gari wazi, mvua itakupiga njiani, unisamehe.

Jicho yako iko, papa. Toa kitambaa. Angalia kaburi ya mama, kisha urudi kwa daktari, na unitukane.

Mutoto wako, Yannick