Mwongoza Kasi Anaogopa Kuishia Nusu ya Kiapo

Mshauri mpendwa, naomba uniokoe upesi maana harusi yangu ni Jumamosi na sijui kama nitaimaliza. Mimi ni mkimbiaji wa marathoni, ila kazi yangu ni kuongoza kasi, yaani nalipwa nikimbie mbele wenzangu wanifuate, tukifika nusu najiondoa pembeni na kuwapigia makofi wakamalize wao, na tangu nianze sijawahi kuuona utepe wa mwisho, sasa kazi imeniingia mwilini, nikinyoa ndevu naacha shavu moja, nikifua shati naanika na povu lake, na juzi baba mkwe akiwa katikati ya kunihoji nitamtunzaje binti yake niliinuka, nikasogea ukutani, nikampigia makofi, nikamwambia, "Kaza mzee, umebakiza kidogo," nikatoka, wakanikuta kituo cha basi nakunywa maji. Mchumba wangu, fundi cherehani, siku ile alicheka, lakini sasa hacheki, kwa sababu msimamizi wangu wa harusi ni yule rafiki yangu ambaye kila nikijiondoa ndiye hunipita akashinda, na kila nikilala naota kiapo, nafika katikati, nasogea pembeni, naye anaingia kumalizia. Mshauri, nampenda huyu dada hadi naumwa, na ninachoogopa ni kwamba

*Shikamoo mshauri. Namalizia mimi, mchumba wake. Barua ameiacha juu ya cherehani yangu, yeye yuko uani anakunywa maji. Nina swali moja tu: gauni niendelee kushona au niache?*

JIBU

Kijana, nakuhurumia, lakini umenichosha. Usimamizi wa harusi unampaje mtu aliyezoea kushinda kwa jasho lako? Mtoe leo hii, umweke mjomba yeyote mwenye kitambi na magoti mabovu. Kisha mwombe mfungisha ndoa aanze kumwapisha mchumba wako. Hujui kumaliza kwa sababu maisha yako yote umekuwa mbele. Jumamosi kaa nyuma yake, umfuate neno kwa neno mpaka mwisho. Na kabla ya hapo nenda kamwombe radhi baba mkwe, umsikilize akiwa ameketi nawe umeketi, mpaka anyamaze mwenyewe.

Wewe fundi, marahaba. Huyu amekimbia kila kitu, hata barua yake mwenyewe, lakini kuimalizia hakumwachia rafiki yake, amekuachia wewe. Shona gauni, mwanangu. Ila pindo lipandishe kidogo, na chini uvae raba.