Kamba za Msingi Kule Singe

Mama yako amepata kazi ya kufundisha hesabu hapahapa Babati! Marahaba, mjukuu wangu Upendo, sisi wazima.

Eti mwalimu wako anasema mlinganyo wa mstari unaokata mwingine kwa pembe mraba ni wa wavulana, na wewe unaniuliza kama uache hesabu? Akome kabisa! Mama yako naye aliambiwa hivyohivyo, mkoa wetu ukiwa mpya. Mteremko wa mbili aliugeuza kuwa nusu, akakosa, akaja analia kiwanjani kwetu Singe. Fundi alikuwa amevuta kamba za msingi wa nyumba, zikikatana kwa pembe mraba, mshazari na barabara.

“Futa machozi, uchore hizo,” nikamwambia.

Akazichora vumbini, mara akapiga kelele: “Mama, moja ikipanda nyingine inashuka! Ni hasi nusu!”

Kichwa hicho nilikizaa mimi, nawe umekirithi. Usiache. Huyo mwalimu mlete kwenye sherehe ya kazi ya mama yako, tunawangoja wote Jumapili.