Kigogota wa Nyuma ya Ukuta

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima. Kazi ni ile ile: kufua, kupika, kudeki. Wewe bwana misitu mstaafu, hebu niambie: nyuma ya ukuta kuna ndege anagonga mti mkavu kutwa nzima, kama fundi anayekimbizwa. Mgongo kijani, utosi mwekundu. Ni nani huyu?

Binti yako

19 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mguu siku hizi unatabiri mvua kuliko redio. Huyo ni kigogota, ila wako wa aina nyingi. Tena usimchanganye na zuwakulu. Naye hutoboa miti, lakini mdomo wake mnene. Je, anajiegemeza kwa mkia? Kifua kina madoa au mistari? Toka nje umtazame vizuri. Halafu niambie nyumba iko mtaa gani. Wakala aliyekupeleka amenipa sanduku lake la barua tu.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Anaegemea mkia kama mzee na fimbo yake. Kifua kina mistari. Kumbe wako wawili! Wa pili ana wekundu kisogoni tu. Utosi wake mbele ni mweusi wenye vitone vyeupe. Wanapokezana kuingia tunduni.

Kutoka nje siwezi, baba. Nawaona kupitia dirisha la bafuni, lina nondo, nikipanda juu ya ndoo. Mama mwenye nyumba huondoka na funguo. Simu yangu na kitambulisho anavyo yeye. Mtaa siujui, nililala garini njia nzima. Sikutaka kukutia presha.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Leo sina subira ya salamu. Nilimfuata wakala. Akasema, "Mzee, barua si zinafika? Unataka nini zaidi?" Dereva wake anayezileta huko nikamshika shati. Akanijibu, "Mzee wangu, nina watoto."

Basi nikarudi kwa ndege wako. Yule mwenye paji la uso jeusi ni jike. Wana tundu la kutagia, hawahami sasa. Kigogota wa bustani za huko ana kifua cha madoa. Wa mistari haachi miti mikubwa, na mji huo umebakiwa na msitu mmoja tu, nyuma ya matangi ya maji. Niliulinda miaka sita. Nyumba zinazopakana nao hazifiki kumi. Mlinzi wa sasa amezizunguka zote, akaukuta mti, tundu, na dirisha lenye nondo. Ndiye atakayekurushia barua hii.

Jumatatu nakuja na afisa wa kazi. Usimwambie mtu.

Baba yako

Jumatatu

Baba,

Nimesikia sauti yako langoni. Mama mwenye nyumba amemwambia afisa kwamba nilishaondoka mwezi uliopita. Mwongo! Amenifungia huku bafuni. Karatasi hii nimeifunga kwenye sabuni, namtupia mlinzi wa msitu hapo chini ya mti, akukimbizie.

Msiondoke. Nipo.

Binti yako