Maneno ya Mama Yako Ambayo Sikuyaandika

Daudi, Mbulu,
Mkoa wa Manyara.
14 Agosti 2004

Mwanangu Hilary,

Marahaba. Naitikia mapema, kwa sababu najua ukiuona mwandiko huu utasema shikamoo hata ukiwa peke yako chumbani. Mimi mwalimu wako na baba yako wa ubatizo bado nipo, ingawa moyo umechoka na miguu imevimba. Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba msimu huu nisipande mazao yanayochelewa kukomaa. Nilicheka, kisha nikaja nyumbani kutafuta karatasi. Naandika nusu ukurasa kwa siku. Wewe je, u mzima? Mkeo na binti yako wanaendeleaje huko Norwei?

Huku mvua ilitosha. Mahindi tumevuna, na vitunguu saumu vimetandazwa katika kila ua. Watu bado wanasema tuko Arusha kwa mazoea, na Nikolausi wa posta anawakaripia kama vile mkoa mpya aliuzaa yeye. Simu za mkononi zimefika mjini. Sisi wa Daudi tunapanda kilimani kutafuta mtandao, na huko mtu hupiga kelele mpaka jirani anashangaa simu ilikuwa ya nini. Jambo langu halifai kupigiwa kelele kilimani, ndiyo maana naandika.

Nimezisoma upya barua zako za mwaka 1993, ulipokwenda huko kwa mafunzo ya vitendo kwenye kiwanda cha mitambo ya umeme wa maji. Unakumbuka koti? Mitumba ilikuwa ndiyo imeanza kumwagika mnadani, na muuzaji aliniapia kwamba ni la bwana mkubwa. Koti likarudi Ulaya lilikotoka, na wiki ya kwanza wenzako kiwandani wakakuambia kwa upole kwamba ni la mwanamke. Nilipomsomea baba yako Lukasi sehemu ile alicheka hadi akakohoa, akasema mwalimu abaki na vitabu, nguo amwachie mama yako Natalia.

Uliandika kwamba jua linachomoza saa nne asubuhi na kwamba watu wazima wanaitwa kwa jina tupu. Ukashindwa kumwita hivyo msimamizi wako mwenye mvi. Kila asubuhi ulimwinamishia kichwa badala ya shikamoo, mpaka akakuuliza kama shingo inakuuma. Barua ya nne ndiyo iliyotutuliza. Mama mwenye nyumba alikuwa amekufundisha kuvaa soksi mbili mbili, msimamizi alikuachia ufunge mtambo mdogo peke yako, na uliota unalima shamba la nyumbani lakini ulipoamka hukulia. Mama yako aliposikia hayo alisema sasa ndiyo umefika.

Mei mwaka uliofuata baba yako akafariki. Hapo ndipo penye kosa langu.

Unajua nyumba iliyofiwa kwetu hutengwa. Baba yako alikuwa Mkristo, lakini wazee wa ukoo wake waliishika desturi. Wenye msiba hawaendi kwa jirani, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa wengine, na anayeingia ndani hutengwa pamoja nao, miezi kadhaa, hata mwaka. Mama yako alisimama upande wake wa mfereji, mimi upande wangu, akanipa kwa sauti kubwa maneno ya kukuandikia. Alisema uje. Alikuwa bado anaendelea nilipomwitikia kwamba nimesikia, nikageuka, kwa kuwa basi la mjini lilikuwa linakaribia.

Ndani ya basi nikawaza: ukija utaingia kwa mama yako, ukiingia utatengwa, na kiwanda hakitakusubiri mwaka mzima. Nilikuwa na elimu ya kutosha kuidharau desturi ile, lakini haikutosha kunipeleka kwa wazee kuuliza. Basi nikaandika: “Mama anasema usije. Hapa mambo yote yanakwenda bila wewe.”

Hilary, hayo hakuyasema. Niliyatunga mimi pale posta, nikidhani nakupunguzia mzigo. Ukaniandikia ukiuliza kama kweli mama alisema hivyo, nikajibu ndiyo. Naye alipouliza mbona huji, nikaishika barua yako mbele yake nikamsomea maneno ambayo hayakuwamo, kwamba kazi imekushika, utakuja siku nyingine.

Ulipokuja mwaka 1999 ulilala hoteli, ukamtembelea mama yako siku tatu, ukinywa chai kofia ikiwa mkononi kama afisa wa sensa. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Mimi nilikaa katikati yenu nikila maandazi.

Mwezi uliopita niliungama. Padri alinipa kitubio, akaongeza kwamba niliyemkosea si Mungu peke yake. Nikakongoja na fimbo hadi kwa mama yako, nikamkuta anachambua maharage, nikasema yote nikiwa nimesimama. Hakuniangalia. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, akasema kumbe hasira yake ya miaka kumi aliipeleka kwa mtu asiyehusika. Akaniuliza kama nakumbuka nilivyowachapa watoto kwa kukosa neno moja la imla. Nikasema nakumbuka. Akauliza, sasa wewe mwalimu tukuchape ngapi? Akaniambia nikae chini, nisije nikafia mlangoni kwake akatengwa tena.

Halafu akanieleza nilichokikimbia siku ile mferejini. Wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana: kwa kuwa una kazi ya watu ng'ambo, ungetengwa siku nane tu, unyolewe, kondoo achinjwe, uachiwe urudi. Ningesubiri sentensi moja zaidi, ningelijua hilo.

Tangu siku hiyo nalala hadi asubuhi, na nikipewa uji wa pili naupokea. Siombi msamaha wa haraka. Hasira ni haki yako. Ninachoomba ni kwamba uielekeze kwangu, mama yako umwondolee. Leo amenikalisha kwake niandike maneno yake ya siku ile, na nikimaliza Zita mwenye duka atamsomea, maana anasema mwalimu haaminiki tena. Haya ndiyo:

“Mwambie baba yake ametutoka Jumanne asubuhi. Mwambie aje, wazee wametoa siku nane. Simwiti kwa ajili ya marehemu, marehemu ameshazikwa. Namwita kwa sababu nyumba imenyamaza na mimi sijui kukaa humu peke yangu.”

Ameongeza moja la leo, kwamba kukaa humo peke yake bado hajajua.

Wasalimie mkeo na binti yako. Waambie huku kuna babu anayewaombea kwa majina. Ukija ukanikuta, karibu tunywe chai. Usiponikuta, usipoteze muda kaburini kwangu, pita moja kwa moja kwa mama yako.

Ni mimi mwalimu wako na baba yako wa ubatizo,

Bonaventura Akonaay