Hisabati kwa Mara ya Pili

Jumamosi, tarehe 4

Alama ni ileile, F ya Hisabati. Nimerudia mtihani baada ya mwaka mzima, na chuo cha ualimu bado hakinitaki.

Kosa nalijua. Mchana nilisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, jioni nikasoma zile mada nilizokwisha kuziweza, kwa sababu zilinifariji. Zile ngumu niliziruka tena.

Ada na vitabu vilitokana na ng'ombe wa mahari ya dada Bhoke. Leo amekuja kutoka kwa mumewe huko Kisaka, nikamwambia matokeo mbele ya baba.

"Sasa ukirudia tena, Mwita," akasema, "na mimi niolewe tena?"

Tulicheka wote. Baba ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda kufunga zizi. Kazi hiyo huwa ni yangu.