Jina la Baba Yako

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kitahana tu wazima. Mahindi yamebeba vizuri na babu yako amepona mguu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza umweleze huyo kijana kwamba uliwahi kuolewa ukaachika, au unyamaze mpaka harusi ipite.

Mimi nilifika hapa kutoka Burundi miaka ya sabini, binti wa miaka kumi na tisa, tayari mjane. Ya njiani niyaache. Babu yako, Muha wa hapa hapa, akawa anakuja kunisaidia kupura maharage. Siku aliyotaja posa nikamwambia, "Nilikuwa na mume. Amefariki, na bado namkumbuka."

Akaweka fimbo chini, akaenda zake. Nikamaliza kupura peke yangu huku nalia, lakini sikujuta.

Kesho yake akarudi na mama yake. "Mwambie mama kama ulivyoniambia mimi," akasema, "nisije nikakosea."

Nikasema yote. Mama akaniuliza, "Huyo marehemu alikupenda?"

"Alinipenda sana, mama."

Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Huyu anajua kupendwa kulivyo. Hutaweza kumdanganya."

Basi mwambie, mwanangu, tena mchana, mkitazamana. Kisha mlete tumwone.

Na jambo moja hujawahi kuambiwa. Yohana, jina la baba yako, lilikuwa la marehemu yule. Babu yako ndiye aliyelichagua.

Bibi yako,
Anastazia