Kiti cha Mama Uani

Kaka,

Huku hatujambo. Paka kazaa tena, na paa la jikoni bado linavuja.

Nasikia mmepongezwa kazini kwa ile rada yenu ya angani ya kupiga picha za ardhi, inayokaa juu yetu mahali pamoja usiku na mchana. Hongera. Ulipomwambia mama kwenye simu kwamba picha ya rada hiyo hukusanywa polepole, kwa saa nyingi, na kinachotikisika hakionekani, ulikuwa unatania. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo akawa anatoa kiti uani kila asubuhi, anakaa kimya kama jiwe, hata nzi hamfukuzi. Nikimwita anywe chai, ananijibu bila kugeuza shingo: "Niache, mwanangu ananitazama."

Nilikupigia umwambie ukweli, kwamba rada yenyewe haimwoni mtu. Ukasema uko kwenye kikao.

Jumanne nilimwita, hakujibu. Nikadhani ni yale yale, nikaendelea kufua mpaka jua likampiga usoni, nikaona hafumbi hata macho. Daktari anasema ni kiharusi, na tumechelewa kumleta.

Sasa mama hatikisiki kabisa, kaka. Mpige picha.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki naye.